Umri wa Tairi Kabla ya Safari Ndefu

Dereva anayejiandaa kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi, safari ya zaidi ya kilomita 500 inayopita katika joto la Korogwe, Mombo na Same, hupima oili na maji ya rejeta bila kukumbushwa, lakini matairi huyatupia jicho tu, na akiona kashata, yaani michongo ya mpira inayokanyaga barabara, zipo huridhika. Kashata huonyesha tairi limetembea kiasi gani, wala hazisemi limekaa miaka mingapi.

Umri husomwa ubavuni mwa tairi, katika tarakimu nne zinazohitimisha msimbo unaoanza na herufi DOT: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo zipo upande mmoja tu, na upande huo ukiwa umeelekea ndani, itabidi uingie chini ya gari na tochi. Usione uvivu, kwa maana mpira huzeeka kwa joto, jua na hewa hata gari likiwa limeegeshwa. Watengenezaji wengi wa matairi hushauri kwamba likifika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika 10 liondolewe hata kama linaonekana zima, ilhali baadhi ya watengenezaji wa magari huweka kikomo cha miaka 6, nami kwa joto letu naiona 6 ndiyo ya kushikwa.

Niliwahi kununua gari lililotumika ambalo spea yake, yaani tairi la akiba, ilikuwa bado na vinyweleo vya kiwandani, dalili kwamba ilikuwa haijagusa lami. Nilipofuta vumbi nikasoma 0809, na nilipobonyeza kwa kidole gumba katikati ya kashata, zikajitokeza nyufa nyembamba kama za tope lililokauka. Tairi la namna hiyo, likibeba familia na mizigo kwa mwendo wa saa kadhaa, linaweza kuchanika na kupasuka bila onyo.

Kwa upande wa kashata, tairi jipya huwa na kina cha takriban milimita 8, na ndani ya mifereji yake mna vituta vidogo vya mpira. Kashata zikilingana navyo, zimebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Binafsi singengoja hapo kama masika yanakaribia, kwani chini ya milimita 3 tairi huanza kushindwa kuyasukuma maji na gari huweza kuteleza. Tazama pia namna lilivyolika: pembe zote mbili zikilika, upepo ulikuwa mdogo; katikati pakilika, ulizidi; upande mmoja ukilika, peleka gari kwenye alaimenti (kunyooshwa magurudumu) kwanza, la sivyo tairi jipya litalika vivyo hivyo. Tairi lenye nundu ubavuni halizibwi wala halisubiri.

Upepo upimwe asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kufuata kibandiko cha mlango wa dereva, na spea ipimwe pia. Ukiweza kununua mawili tu, yafungwe nyuma, kwa sababu gari likiteleza nyuma ni vigumu kulirudisha. Nati za magurudumu yaliyofungwa matairi mapya zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, na kwa anayetoka Dar es Salaam, Chalinze ni mahali pazuri pa kusimama na kufanya hivyo.