Nyumba Yenye Watoto Hupambwa Kuanzia Mlangoni

Kabla ya kununua hata foronya moja, chukua daftari. Kwa wiki nzima, kila unapoingia nyumbani, andika ulichokikuta kimeachwa na mahali kilipoachwa. Mimi nilifanya hivyo nikitoka zamu ya usiku, miguu imenivimba, na orodha ya siku ya kwanza ilikuwa hivi: mabegi mawili ya shule nyuma ya mlango, jozi nne za viatu njiani, sweta mgongoni mwa kochi, funguo juu ya friji, miwani ya mama mkwe chini ya takia. Siku ya tano orodha ilikuwa karibu ileile. Kila kitu kilikuwa na kituo chake tayari, ila hapo kituoni hapakuwa na cha kukipokea.

Tuko sita ndani. Mimi ni muuguzi, mume wangu huondoka alfajiri na kurudi giza limeshaingia, mama mkwe anaishi nasi, na watoto wana miaka 11, 7 na 3. Mara mbili nilishaipamba nyumba hii kwa kuiga picha za sebule zilizotulia, na mara zote mbili mwezi haukuisha kabla uzuri wenyewe haujafunikwa na mabegi. Ninachokiamini sasa ni hiki: kitu kikitua mahali pamoja siku tano kati ya saba, hapo ndipo pa kupamba kwanza, na pambo lenyewe likibebe kitu hicho.

Mlangoni na kwenye korido

Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, fanya hili. Tafuta mbao mbili nyoofu, kila moja urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 12. Zisugue kwa msasa, zipake rangi, kisha funga kulabu sita kwenye kila ubao: ya kwanza sentimita 10 kutoka ukingoni, zinazofuata kila baada ya sentimita 20. Ubao wa watoto ukae sentimita 95 kutoka sakafuni, ili hata yule wa miaka mitatu aufikie bila kuomba msaada. Kila mtoto apate kulabu mbili, moja ya begi na moja ya sweta. Ubao wa watu wazima ukae kwenye sentimita 160, na uwe ukuta wa pili. Ukiziweka mbao hizo moja juu ya nyingine, makoti ya wakubwa yatafunika kulabu za wadogo na mabegi yatarudi chini.

Usitumie misumari. Begi lililojaa vitabu lina uzito, na mtoto mwenye haraka halitundiki, analirusha. Kwenye ukuta wa tofali toboa kwa drili tundu la milimita 8, ingiza kishikizo cha plastiki cha ukubwa huohuo, kisha kaza skrubu ya milimita 5 yenye urefu wa milimita 50 au 60. Kabla ya kutoboa angalia swichi na soketi zilipo. Nyaya mara nyingi hupita juu yake, chini yake au pembeni yake, kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kaa mbali na njia hiyo.

Sasa rangi. Korido ya nyumba yenye watoto huchafuka kuanzia sakafuni hadi kifuani mwa mtoto, basi. Huko juu hakuguswi na mtu. Kwa hiyo paka sehemu ya chini, hadi sentimita 120, rangi iliyokolea na yenye mng'ao kidogo, na juu uache rangi nyepesi isiyong'aa. Sisi tulichagua kijani kilichoiva chini na nyeupe ya maziwa juu. Rangi isiyong'aa huficha mabonde na makovu ya ukuta vizuri sana, lakini ukiifuta mara kwa mara inaacha madoa yanayong'aa. Ile yenye mng'ao huvumilia kitambaa chenye maji na sabuni wiki baada ya wiki. Mgawanyo huo unaonekana kama urembo uliopangwa kwa makini, na hakuna mgeni anayejua kwamba ni alama za vidole zilizoamua mstari upite wapi.

Kupata mstari ulionyooka kunahitaji subira kuliko ufundi. Osha ukuta kwa maji ya sabuni, ziba matundu, acha pakauke, sugua kwa msasa laini. Chora mstari kwa penseli ukiongozwa na pima maji, kwa sababu sakafu nyingi hazijanyooka na ukipima kutoka chini pekee mstari utapanda na kushuka. Bandika utepe wa karatasi wa mafundi rangi juu kidogo ya mstari huo. Halafu fanya kile ambacho wengi hawafanyi: kwenye ukingo wa utepe pitisha kwanza brashi yenye ile rangi nyepesi ya juu. Itaziba vijipenyo vilivyo chini ya utepe. Ikikauka, ndipo upake ile iliyokolea, mikono miwili, yaani mara mbili. Vua utepe mkono wa mwisho ukiwa bado na unyevu, ukiuvuta taratibu kwa pembe. Mara ya kwanza niliuacha hadi asubuhi, ukabanduka na vipande vya rangi, na nikarudia mita nzima.

Kiasi cha rangi usikikisie. Lita moja hutosha takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Korido yetu ina urefu wa mita 4, kuta mbili, kimo cha mita 1.2: hiyo ni mita za mraba 9.6, na kwa mikono miwili ni 19.2. Lita mbili zilitutosha. Rangi iliyobaki nimeiweka kwenye chupa ndogo yenye mfuniko mgumu, na nimeandika jina lake, namba yake na tarehe. Ukuta ukichubuliwa na baiskeli, brashi ndogo na dakika tano zinatosha.

Na hili nalisema kama muuguzi: kama nyumba ni ya zamani na rangi yake inabanduka, usiisugue ikiwa kavu kabla haijapimwa. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto hata likiwa kidogo.

Sebuleni

Nilikuwa na meza ya kioo yenye pembe kali. Niliipenda, nikaihifadhi hata baada ya kitinda mimba kuanza kutembea, mpaka siku aliyoteleza akapasuka juu ya nyusi. Siku hiyohiyo niliitoa. Mahali pake tuliweka sanduku pana lililovikwa kitambaa kinene, lenye mfuniko laini unaofunguka. Mchana ni meza ukiweka sinia juu, jioni ni kiti cha mtu wa ziada, na ndani mna midoli yote. Acha sentimita 40 hadi 45 kati yake na kochi, na mahali ambapo watu hupita acha njia ya sentimita 80 au 90. Kama huna uhakika, jaribu kupita hapo umebeba mtoto kiunoni.

Kochi la rangi moja nyepesi litakunyima raha. Huhitaji jipya, shona au nunua mafuniko yenye zipu yanayovuliwa na kufuliwa, ya rangi iliyochanganyika, na foronya seti mbili ili moja iwe inafuliwa nyingine iko kazini. Ukishona kwa kitambaa cha pamba, kifue kwanza kabla ya kukikata, maana hurudi. Zulia liwe kubwa kiasi cha miguu ya mbele ya kochi kukanyaga juu yake. Zulia dogo lililoelea katikati hufanya chumba kionekane kimepungukiwa, na tena ndilo linalokunjamana na kuwakwaza watu. Chini yake weka kitambaa cha mpira kinachozuia kuteleza. Mama mkwe ana magoti mabovu, na zulia lisiloshikwa ni hatari kwake kuliko kwa yeyote mwingine ndani.

Picha za ukutani wengi huzitundika juu mno. Kitovu cha picha kikae sentimita 145 hivi kutoka sakafuni. Ili usibahatishe msumari, chukua 145, jumlisha nusu ya kimo cha fremu, kisha toa umbali kutoka ukingo wa juu wa fremu hadi mahali uzi wake unapofika ukivutwa. Fremu ya sentimita 40 ambayo uzi wake unafika sentimita 5 chini ya ukingo: 145 na 20 ni 165, ukitoa 5 ni 160. Hapo ndipo pa kupigilia. Ukiwa na picha nyingi, kata magazeti kwa ukubwa wa kila fremu, yabandike ukutani kwa gundi nyepesi, uyahamishe mpaka uridhike. Fremu zetu zilikuwa za kila aina. Nilizipaka zote nyeusi na zikawa ndugu.

Katikati ya picha hizo kuna kitambaa alichofuma mama mkwe miaka mingi iliyopita. Kilikuwa kimechanika upande mmoja, naye alikuwa ameshakigeuza kuwa cha kufutia vumbi. Nikamwomba, "Mama, nipe hicho." Akasema, "Mwanangu, hicho si kitu tena." Nilikata sehemu iliyosalimika, nikaishonea juu ya karatasi ngumu nyeusi na kuiweka ndani ya fremu. Ndiyo pambo la kwanza kila mgeni analoliuliza, na yeye ndiye anayejibu. Tafuta kitu cha namna hiyo kwenu kabla hujanunua picha ya mandhari ya mahali msipopajua.

Michoro ya watoto nayo ina mahali pake: uzi uliokazwa kati ya kulabu mbili, na vibanio vya nguo. Mwisho wa kila mwezi tunabadilisha. Wanaochagua ni wao, na ile iliyoshuka inaingia kwenye jalada lenye jina la mwenyewe. Kwa njia hiyo ukuta haujai, na hakuna mchoro unaotupwa mbele ya aliyeuchora.

Pazia na taa

Kwa pazia, kanuni ni chache. Fimbo ikae sentimita 10 hadi 15 juu ya fremu ya dirisha na izidi sentimita 15 hadi 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa lisimeze mwanga. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya fimbo, la sivyo litakaa kama shuka lililoanikwa. Pindo liishie sentimita moja juu ya sakafu. Zile kamba za kuvutia zinazoning'inia, zifupishe au zifunge juu kabisa, mbali na vitanda. Shingo ya mtoto inaweza kunaswa humo.

Taa ndiyo iliyoigeuza sebule yetu usiku mmoja. Tulikuwa na balbu moja kali darini, na kila mtu alikaa kama yuko kwenye chumba cha kusubiria wodini. Kwenye boksi la balbu kuna namba yenye herufi K. Kadiri inavyopungua ndivyo mwanga unavyokuwa wa manjano na wa kutuliza. Sebuleni na vyumbani weka 2700 hadi 3000. Mezani kwa kifungua mimba, anaposoma, tumeweka 4000. Taa tatu ndogo kwenye pembe tofauti hupendeza kuliko moja kubwa, na nyaya zake zipitishe nyuma ya samani, zisikatize njia.

Chumba cha watoto

Vikapu visivyo na vifuniko, kwenye rafu ya chini. Kifuniko ni hatua moja ya ziada, na mtoto wa miaka mitatu ataiacha hatua hiyo kila siku. Wa miaka 7 alichora picha za kilichomo, gari, mwanasesere, vipande vya kujengea, nami nikazibandika mbele ya kila kikapu. Asiyejua kusoma anajua cha kurudisha wapi, na michoro hiyo yenyewe ndiyo rangi ya chumba. Kabati na rafu zote ndefu zifunge ukutani kwa vyuma vya pembe. Mtoto huvuta droo na kuzipanda kama ngazi, na kabati lisiloshikwa humwangukia.

Mimea? Sansevieria, ule wa majani marefu magumu yaliyosimama wima, huvumilia kusahauliwa. Mwagilia udongo ukikauka kabisa. Iweke juu, kwa kuwa majani yake yakitafunwa huumiza tumbo.

Haya yote hatukuyafanya kwa mkupuo. Siku moja ya mapumziko, jambo moja, na lisizidi saa mbili: kulabu leo, kuosha ukuta wiki ijayo, rangi wiki ya tatu. Kazi isiyoweza kufungwa kabla ya watoto kulala, igawanye. Kila shule zinapofunguliwa, lirudie lile daftari kwa siku tatu tu. Safari hii lilituonyesha kuwa mabegi sasa yanatua mezani kwa kifungua mimba. Ubao uliokaa sentimita 95 kutoka sakafuni uko chini mno kwake sasa, kwa hiyo Jumamosi tunamhamishia kulabu zake ukuta wa wakubwa.