Kuwavalisha na kuwapanga marapachi wa Golu

Katika nyumba za Kihindu za Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India, bibi harusi hupewa na wazazi wake wanasesere wawili wa mbao, mume na mke, Raja na Rani. Huitwa marapachi. Kila mwaka, Septemba au Oktoba, wawili hao ndio hutangulia kupanda ngazi za Golu, maonyesho ya wanasesere ya siku tisa za sikukuu ya Navaratri. Anza kuwashughulikia wiki nzima kabla, maana mavazi yao ndiyo yanayokula muda.

Marapachi wa asili huchongwa kwa msandali mwekundu, mti wa milima ya kusini mwa jimbo jirani la Andhra Pradesh, na wachongaji wa Tirupati, mji wa hukohuko, wana sifa ya kazi hiyo. Mti huo sasa unalindwa kisheria, hivyo wengi walioko sokoni ni mbao nyepesi iliyotiwa rangi. Mpime kwa mkono: msandali mwekundu ni mzito kuliko umbo lake linavyoonyesha. Zamani mtoto anayeota meno aliachiwa amtafune, kwa imani kwamba mti ule ni dawa. Hawa wa rangi, usithubutu.

Safisha kwa mswaki laini mkavu, upite ndani ya mikunjo iliyochongwa, kisha kwa kitambaa chenye unyevunyevu tu. Spiriti na kitakasa mikono viweke mbali: rangi ya msandali haitoki kirahisi kwa maji, lakini kwa spiriti inachuja, na utabaki na mabaka. Mbao ikiwa imepauka, sugua matone mawili ya mafuta ya nazi, uache usiku kucha. Ukizidisha, mafuta yatapanda kwenye hariri.

Sasa mavazi. Kwa Rani wa sentimita 25, kata sari ya upana wa 15 na urefu wa 70, pindo la dhahabu likae chini. Mikono yake imechongwa ikiwa imegandamana na mwili, kwa hiyo blauzi ya kushona haimwingii. Mviringishie kipande kifuani, ufunge mgongoni. Kiunoni mfunge kwanza utepe wa pamba, la sivyo hariri itateleza kabla wageni hawajafika. Zungusha sari mara moja, kunja marinda sita ya sentimita moja na nusu, yapige pasi ya moto mdogo ukiwa umeyabana kwa kibanio, halafu yachomeke kwenye utepe. Kilichobaki kipitishe nyuma, ukipandishe kwenye bega la kushoto. Funga kwa uzi. Gundi ya papo kwa papo huacha ukungu mweupe juu ya mbao, na mwaka kesho utalazimika kuubandua pamoja na ngozi ya mchongo. Raja hana makuu: shuka nyeupe yenye pindo, kitambaa begani, kilemba cha utepe wa sentimita 4 kwa 50.

Ngazi ziwe witiri: 3, 5, 7 au 9. Kina cha sentimita 25 hadi 30 kinatosha. Masanduku na mbao vinafaa, ila tikisa kila ngazi kabla ya kutandika shuka nyeupe. Shuka huficha mguu mbovu. Ngazi hupangwa siku ya Amavasya, ambapo mwezi hauonekani kabisa, kabla ya Navaratri. Juu kabisa weka kalasam, chungu cha shaba chenye maji, majani ya mwembe na nazi mdomoni (nazi ndogo kuliko mdomo hutumbukia, basi ijaribu mapema), na marapachi kando yake. Miungu hufuata, kisha watakatifu, kisha watu wa kawaida, akiwamo Chettiar mwenye duka na mkewe, mbele yao mchele na dengu halisi kwenye visahani. Sakafuni watu hutengeneza kijiji. Haradali au uwatu uliopandwa siku tatu nne kabla utakuwa umeshachipua kuwa shamba.

Kila jioni taa huwashwa, na wageni hula sundal, yaani dengu za kuchemsha zilizokaangwa kidogo kwa haradali na kumalizwa kwa nazi ya kukuna. Wanawake huondoka na tambuu, popoo na manjano.

Usiku wa siku ya kumi, Vijayadasami, walaze Raja na Rani chali palepale juu ya ngazi: Golu imelala. Kesho yake ndipo hufungwa. Wavue, wafunge kwenye shuka kuukuu la pamba, kamwe si mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu ukinaswa huleta ukungu. Tia karafuu na mwarobaini mkavu sandukuni. Ukiona unga laini chini ya mwanasesere wa mbao nyepesi, kuna mdudu ndani. Mtenge na wenzake siku hiyohiyo. Marapachi wawekwe juu ya vyote, kwa sababu mwakani ndio watakaotoka kwanza.