Gofu Pwani: ulizia upepo kwanza

Ukija kucheza gofu Vipingo, Kilifi, au ule uwanja wa mashimo 9 ulio kando ya bahari Mombasa, omba kuanza saa 12:30 asubuhi. Jua likishapanda upepo huzidi, na mpira uliopigwa juu sana hupeperushwa hadi vichakani. Halafu kumbuka misimu: kusi huvuma kutoka kusini, kaskazi ikiingia upepo unageuka, kwa hiyo shimo ulilolizoea Januari si lile la Julai. Anayekubebea fimbo msikilize, tafadhali. Yeye huusoma upepo kwa kutazama makuti ya minazi. Beba pia taulo mbili kavu. Jasho la Pwani hufanya fimbo iteleze mkononi.