Vyombo vya kahawia vya mama mkwe: namna ya kuvichagua, kuvisafisha na kuvirudisha mezani

Mama mkwe wangu alipofariki, wanawe walikaa siku moja kugawana vitu vyake. Mimi mkwe wa kutoka Tanga nikaulizwa ningependa kubaki na nini. Nikasema: vile vyombo vya kahawia. Vilikuwa kabati la chini kabisa, vimejaa mafuta yaliyoungulia, na hakuna aliyevitaka. Lakini chai yangu ya kwanza huku Ohio, Marekani, niliinywea ndani ya kimoja cha vikombe hivyo, jikoni kwake, theluji ikianguka nje, na yeye akinisukumia bakuli la sukari bila maneno mengi kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa bado kinajikwaa.

Kama hujawahi kuviona: ni vyombo vya udongo, rangi yake kahawia iliyoiva kama sukari ya kuunguza, inang'aa, na ukingoni kuna utepe wa rangi ya maziwa ulioteremka chini, mithili ya maziwa yaliyochemka yakafurika sufuria. Mfinyanzi huipaka rangi hiyo nyeupe mdomoni juu ya kahawia, kisha moto wa tanuri huiyeyusha ikatiririka yenyewe. Ndiyo maana hata vikombe vya seti moja havifanani.

Ukitafuta, anza kwa kugeuza chombo uangalie chini. Vya mama mkwe vimeandikwa hull, kwa herufi ndogo, pamoja na maneno Oven Proof (yaani huhimili oveni) na U.S.A. Hull ilikuwa kampuni ya mji mdogo wa Crooksville, hapa hapa Ohio, iliyoanzishwa mwaka 1905. Mwaka 1950 mafuriko yaliingia kiwandani, maji yakafikia tanuri lililokuwa moto, likalipuka, kiwanda kikateketea. Wakajenga upya, na vyombo hivi vya kahawia wakaanza kuvitoa mwaka 1960. Kiwanda kilifungwa miaka ya themanini. McCoy ya Roseville, mji jirani, na Pfaltzgraff ya Pennsylvania nao walitoa vya namna hii, kwa hiyo usishangae kukuta majina hayo. Kwenye maduka ya mitumba ya huku hupatikana kimoja kimoja, mara nyingi vikombe. Bakuli lenye kifuniko chake halisi ni bahati. Kifuniko ndicho huvunjika kwanza.

Kabla hujalipa, kipeleke kwenye mwanga. Pitisha kidole ukingoni mzima, macho peke yake hayatoshi. Kisha kishike kwa vidole viwili na kigonge kwa kucha. Kizima hulia kama kengele ndogo. Chenye ufa hutoa sauti ya mbao, hata kama ufa wenyewe hauuoni.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Rangi za vyombo vya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vitu vichachu ndivyo huyatoa. Usiweke mchuzi wa ukwaju, achari, limau wala nyanya, na usihifadhi chakula humo usiku kucha. Vile vijiti vya kupimia risasi nyumbani vikibadilika rangi, chombo kiwe pambo tu. Visipobadilika, bado si uthibitisho. Maabara ndiyo hupima kwa uhakika. Mimi nilipeleka vyangu kwanza. Kilichobanduka rangi au kilichojaa vistari vyembamba kama nywele kwa ndani, usikilie chakula, na mtoto mdogo au mama mjamzito asikitumie kabisa kama hakijapimwa.

Kusafisha kunataka subira. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji usiku mzima. Asubuhi koroga bikaboneti ya soda na maji kidogo iwe nzito kama uji wa mtoto, paka, acha saa moja, sugua kwa kitambaa. Rudia hata mara tatu. Ile michirizi ya kijivu ndani ya bakuli si nyufa; ni alama za vijiko vya chuma, na hutoka kwa soda hiyo hiyo. Stilwaya usiiguse, itaharibu mng'aro na haurudi tena.

Sasa kukitumia. Chombo hiki ni cha oveni, si cha jiko la gesi wala la mkaa. Adui yake ni joto la ghafla. Niliwahi kutoa bakuli la maharage kwenye friji nikaliingiza kwenye oveni iliyokwisha kuwaka. Nikasikia tak, moja tu. Lilikuwa ndilo bakuli mume wangu alilolia maharage utotoni, na hadi leo naumia nikilikumbuka.

Kwa hiyo huweka chombo oveni ikiwa baridi, vipate joto pamoja. Hivyo ndivyo ninavyopika mkate wa kumimina: vikombe viwili vya mchele uliolala kwenye maji, kikombe kimoja na nusu cha tui zito, robo tatu ya kikombe cha sukari, kijiko cha chai cha hamira, iliki. Saga ulainike, acha uumuke. Ukishaumuka usiukoroge tena, utapoteza matundu. Paka bakuli samli, mimina, weka, ndipo uwashe oveni digrii 350 za Fahrenheit, karibu 180 za Selsiasi. Kwangu huchukua dakika hamsini. Udongo hupata joto polepole, na ndio maana chini mkate huwa na rangi nzuri, sawasawa pande zote.

Ukitoka, weka bakuli juu ya ubao au kitambaa kikavu, si juu ya marumaru baridi. Usilitie maji mpaka uweze kulibeba kwa mikono mitupu. Wakati huo huo mume wangu huwa ameshachukua mwiko mdogo wa mbao, anakwangua makoko ukingoni, pale kwenye utepe mweupe.