Deraya na ngao: kuhesabu kinga ya mhusika bila kukosea

Kanuni hizi ni za toleo la tano la mchezo wa kuigiza wahusika mezani, Dungeons & Dragons, lile la 2014. Utahitaji karatasi ya mhusika, penseli na dadu ya pande 20. Ukiikosa, andika vikaratasi 20 vyenye namba 1 hadi 20 uvitie kwenye kopo.

Hatua ya 1: Angalia mafunzo kabla ya bei. Mpiganaji amefunzwa deraya (mavazi ya vita) zote, nyepesi, za kati na nzito, pamoja na ngao. Kasisi wa kawaida ana nyepesi, za kati na ngao. Mwizi ana nyepesi tu, na ngao hana. Mchawi hana kitu.

Hatua ya 2: Hesabu kinga, yaani namba ambayo shambulio la adui lazima liifikie ili likupate. Deraya ya ngozi (nyepesi) ni 11 ukijumlisha nyongeza yako yote ya Wepesi. Ya magamba (ya kati) ni 14 na Wepesi usiozidi 2. Ya minyororo (nzito) ni 16 basi, Wepesi hauingii. Ngao huongeza 2. Tuseme Okello, mpiganaji mwenye Wepesi +3, ana ngao. Akivaa magamba: 14+2+2, yaani 18. Akivaa minyororo: 16+2, ni 18 ileile! Magamba ni sarafu 50 za dhahabu, minyororo 75, tena minyororo inadai Nguvu 13; akipungukiwa, mwendo unashuka futi 10. Zote mbili zina kelele anaponyatia. Abaki na magamba.

Ngao inachukua mkono. Mkuki, kama ile miwili kwenye nembo ya Uganda, ukishikwa kwa mikono miwili unaumiza kwa dadu ya pande 8. Ukiwa na ngao, ya pande 6. Hapo dadu ya ludo inatosha.

Hatua ya 3: Aliyevaa asichofunzwa. Hapa ndipo meza nyingi hukosea kwa kumpunguzia kinga. Kinga haiguswi. Nakato, mchawi, akivaa minyororo anapata 16 yake, ila hawezi kuroga kabisa, na kila anaposhambulia, anapojaribu jambo au anapojinusuru na hatari kwa Nguvu au Wepesi, anarusha dadu mara mbili na kuchukua namba ndogo. Kwa kopo: chomoa, soma, rudisha, tikisa, chomoa tena. Usiporudisha cha kwanza, namba hiyo haiwezi kutoka mara ya pili, na uwezekano unaharibika.

Kanuni za 2024 ni tofauti kidogo: ngao usiyofunzwa haikupi ile 2. Kubalianeni mnatumia zipi kabla ya kuanza.

Hatua ya 4: Andika muda wa kuvaa. Nyepesi dakika 1, za kati 5, nzito 10. Kuvua nzito ni dakika 5, nyingine 1. Raundi ya vita ni sekunde 6, kwa hiyo dakika 10 ni raundi 100. Mkivamiwa usiku kambini, iache deraya nzito ilipo. Ngao inashikwa kwa kitendo kimoja tu.