Kabla Meli Haijamwaga Maji ya Farumi Kilindini

Majahazi yalitia farumi, yaani uzito wa kuituliza meli isiyo na mzigo, ya mawe na mchanga. Meli za leo hutia maji ya bahari, na ndani yake mna mayai ya kaa, vichanga vya chaza na vijidudu vya bandari ya mbali. Wewe wakala unayengoja meli tupu ije kupakia magadi, maji hayo yanakuhusu: mzigo ukiingia, yenyewe yanatoka.

Cheti cha meli cha maji ya farumi kiwe hai. Mpango wa maji ya farumi uwe wa meli hiyo hiyo. Tangu 8 Septemba 2024, kubadilisha maji huko maili 200 kutoka nchi kavu hakutoshi tena. Mkataba wa kimataifa wa 2004 unataka yawe yamesafishwa, na meli nyingi hutumia mtambo. Uliza kama mtambo unafanya kazi meli ikiwa bado njiani.

Sasa daftari, linaloandikwa kila maji ya farumi yanapotiwa au kutolewa. Hapa ndipo nilipoungulia. Meli imefunga gati asubuhi, malori yamejipanga, nami nimeshamwambia mwenye mzigo mchana tunaanza. Mkaguzi akasoma: tangi la tatu kushoto, tupu. Hakubishana na mtu. Aliomba utepe wa kupimia, akafungua kifuniko cha bomba pale sitahani, akauteremsha. Ulirudi umelowa mita nzima, ncha ina tope jeusi linalonuka kama mikokoni maji yakikupwa. Afisa mkuu wa meli akasema ni mabaki tu. Mabaki ya mita nzima! Siku mbili hatukupakia hata kilo, na wenye malori wakanidai mimi, si nahodha.

Siku hizi naomba picha za kurasa mapema, nazisoma mstari kwa mstari: tarehe, mahali, ujazo, saini ya afisa kwa kila tukio, ya nahodha kila ukurasa. Tazama na muundo, maana fomu mpya ya daftari ilianza 1 Februari 2025.

Tope la matangi lisitupwe majini. Chaza walioganda chini ya meli wasikwanguliwe gatini bila kuwauliza wenye bandari. Utasikia "kidogo tu, haina neno". Yavuyavu mmoja wa pwani za Marekani aliingia Bahari Nyeusi miaka ya 1980, akala mayai na vichanga vya dagaa mpaka wavuvi wakalia. Na ukipigiwa simu kutoka melini kwamba kila kitu ni sawa, ajenti, usijali, omba picha.