Unaenda kutua Saadani au Mashado? Jinsi ya kutogongana hewani pale ambapo hakuna mnara wa kuongozea ndege

Marubani vijana wa Tanga mnaoanza kupeleka wageni huku, hii ni yenu. Ukifika Mashado pale Pangani au ukashuka zaidi hadi Saadani hukuti mtu wa kukuambia fulani yuko mbele yako, unakuta uwanja, soksi ya upepo na gari la wageni pembeni basi, kupishana ni kazi yenu wenyewe.

Anza kabla hujawasha injini. Piga simu kwenye kambi ya wageni uulize kuna ndege gani nyingine inakuja na saa ngapi. Watu wanaidharau hii simu lakini ukishajua kuna ndege ya Caravan inatoka Zanzibar muda uleule na wewe unatoka kaskazini, nusu ya kazi imeisha maana unajua wapi pa kuangalia.

Kwenye redio ongea ukiwa maili 10 hivi, taja jina la uwanja mwanzo na mwisho wa maneno yako, ndege ya aina gani, upo upande gani, futi ngapi, unataka kufanya nini. Kwa mfano Saadani, Cessna 206, maili 10 kaskazini, futi 2500, natua, Saadani. Halafu urudie ukiwa juu ya uwanja, daunwindi (sambamba na ranwei, yaani njia ya kutulia, upepo ukiwa nyuma yako), beisi (umekata kona kuifuata ranwei), fainali (umenyooka nayo unashuka kutua). Mambo ya "mambo vipi kaka, safari ya wapi leo" acheni mtaongea chini jamani, mkikaa kwenye redio mnamziba mwenye habari ya maana. Na hata kama wote mliopo ni Waswahili, kuna marubani wageni kibao huku, kwa hiyo nafasi yako itaje kwa Kiingereza.

Sasa elewa kwamba redio ni kupiga hodi tu, usipojibiwa haimaanishi nyumba haina mtu. Mwenzio anaweza kuwa frikwensi nyingine au kapunguza sauti. Na kujibiwa nako kuna hatari yake. Tarehe 19 Novemba 1996 kule Quincy, Illinois, Marekani, uwanja hauna mnara, Beechcraft 1900 ya abiria inakuja kutua, marubani wakauliza ndege iliyoko ranwei 4 inaondoka au inasubiri. Kwenye ranwei kulikuwa na ndege ya King Air, nyuma yake nyingine ndogo, Cherokee, na aliyejibu ni wa Cherokee, tena jibu lake likaingiliwa na sauti ya mtambo ndani ya ile 1900, wao wakaamini ni King Air imesema inasubiri. Kumbe King Air ndiyo inaanza kukimbia, wakakutana pale ranwei zinapokatizana, watu wote 14 wakafa. Kwa hiyo ukijibiwa sikiliza kajibu nani, ukiwa na shaka uliza tena, na bado uangalie kwa macho.

Macho yenyewe yana hesabu yake. Ndege mbili za noti 120 (maili 120 za baharini kwa saa) zikielekeana, maili moja inaisha kwa sekunde 15. Ukiona kidoa kwenye kioo hakisogei kulia wala kushoto, kinakua tu, huyo ndiye wa kukugonga. Mkielekeana kila mtu akate kulia. Na hizi ndege zetu za mabawa ya juu, ukilala kukata kona bawa linakufunika upande uleule unaoelekea, linyanyue kwanza uchungulie ndio ugeuke.

Sakiti, yaani ule mzunguko wa kuuzunguka uwanja kabla ya kutua, fanya ileile inayofanywa na wote, kona za kushoto na futi 1000 juu ya uwanja kama ramani haijasema vingine, huku pwani hata hesabu haikusumbui maana uwanja uko karibu usawa wa bahari. Njia za mkato za kuja moja kwa moja fainali kwa kasi mimi sizipendi kabisa, mwenye Cessna ndogo aliyeko beisi hakutegemei. Aliye chini fainali ndiye mwenye haki, ila hiyo sio ruhusa ya kushuka haraka ujipenyeze mbele ya mwenzio. Upepo nao, kaskazi au kusi, angalia soksi, usifuate mazoea.

Wanyama ndio wanaoharibu mpango. Ngiri wakiwa uwanjani utapita chini kuwafukuza na kupanda tena, na anayekufuata anadhani umetua, kwa hiyo mwambie kabla hujapita. Ukishatua, mara nyingi inabidi ugeuke urudi kwenye ranwei ileile, itangaze hiyo pia, kisha ukishatoka kabisa na mkia umetoka ndio useme ranwei ipo wazi.